Jinsi deni la kadi humfikisha mkazi wa Eastlands katika ufilisi

Lori la dalali linaposimama mbele ya ploti mtaani Umoja au Kayole, majirani hawahitaji kuelezwa. Televisheni, friji na viti vya sebuleni vikianza kuteremshwa ngazi, hunong'onwa kwamba fulani amefilisika. Kisheria, hata hivyo, mtu huyo bado hajafilisika. Amechukuliwa mali kwa ajili ya deni moja tu, na wadai wengine wangali njiani. Kufilisika kwenyewe ni hali inayotangazwa na Mahakama Kuu, na ajabu ni kwamba kwa wengi waliozama katika madeni, tangazo hilo lingekuwa nafuu kuliko lori.

Deni si mgeni Eastlands. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu 5 kuanzia miaka ya 1970, ilikusudiwa watu wa mshahara walionunua nyumba kwa rehani na kuzilipia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Lakini deni la nyumba lilikuwa na tarehe ya mwisho. Deni la kadi ya mkopo halina. Mwenye kadi hulipa, akakopa tena papo hapo, na benki haina haraka naye maadamu analipa kile kiwango cha chini kinachotakiwa kila mwezi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Chukua mfano wa mwalimu mwenye deni la Sh100,000 kwenye kadi inayotoza riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, huku akitakiwa kulipa angalau asilimia 5 ya salio. Tuseme ameiweka kadi kabatini na hanunui nayo chochote. Baada ya miezi 12 atakuwa amelipa karibu Sh57,000, lakini deni lake litakuwa limepungua kwa Sh18,000 hivi tu. Zaidi ya Sh38,000 zimekwenda kwa riba. Riba hiyo huonekana ndogo kwa kuwa imetajwa kwa mwezi. Ukiihesabu kwa mwaka inapita asilimia 40.

Naye mwalimu wa kweli haiweki kadi kabatini. Januari kuna karo na sare za shule, Aprili kuna msiba nyumbani, na kadi ndiyo iliyo karibu. Akitoa pesa taslimu kwa mashine ya benki, aghalabu riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, pamoja na ada ya kutoa. Anayelipa salio lote kabla ya siku iliyowekwa kwa kawaida hatozwi riba kwa bidhaa alizonunua, na kwa mtu kama huyo kadi ni chombo kizuri. Tatizo ni kwamba kadi humfaa zaidi yule asiyeihitaji sana.

Kinachofuata ni kukopa harusi kulipa matanga. Tangu M-Shwari ilipoanzishwa Novemba 2012, mkopo umekuwa ukipatikana kwa simu bila kumwona meneja wa benki wala kuweka dhamana. Ada yake ya asilimia 7.5 kwa siku 30 ni zaidi ya mara mbili ya riba ya kadi katika mfano wetu, lakini pesa huingia kwa dakika chache na kadi hulipwa. Fuliza, iliyokuja Januari 2019, hujilipa yenyewe mara tu pesa zinapoingia kwenye simu, kwa hivyo mshahara au malipo ya mteja hukatwa kabla mwenyewe hajayagusa. Mtu aliyekuwa na mdai mmoja sasa ana watano.

Mlango wa mwisho ni Sacco. Hapa riba ni ya chini, na mwanachama aghalabu huweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, mradi apate wadhamini. Wadhamini hao si watu wa mbali. Ni wenzake kazini, jirani wa ghorofa ya pili, au mwanachama mwenzake wa chama cha kila Jumapili. Wanatia saini kwa sababu naye aliwahi kuwatilia. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inaamuru makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, lakini kinga hiyo huishia kwenye hati ya mshahara. Haifiki kwenye simu wala kwenye kadi, ambazo hulipwa kutokana na ile theluthi iliyobaki.

Mwajiri akipunguza wafanyakazi, au duka la Gikomba likiteketea, jengo zima huporomoka kwa mwezi mmoja. Jina hupelekwa kwa kampuni za kutunza rekodi za wakopaji, na mlango wa kukopa benki unafungwa. Mdai anaweza kwenda mahakamani, akishinda atume dalali. Anaweza pia kuomba mdaiwa afungwe jela ya madeni, ambako mtu anaweza kukaa hadi miezi 6. Hata hivyo, mahakama haimfungi mtu kwa umaskini wake. Ni lazima ionekane kwamba ana uwezo wa kulipa na anakataa. Isitoshe, mdai ndiye anayelipia chakula cha mfungwa huyo, na kifungo hakifuti deni.

Iko kinga nyingine ambayo wadaiwa wachache huitumia. Tangu mwaka wa 2007, Sheria ya Benki imeweka kikomo: mkopo ukishaharibika, benki haiwezi kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwapo siku ulipoharibika. Aliyeacha kulipa akiwa na deni la msingi la Sh120,000 hawezi kudaiwa na benki zaidi ya Sh240,000, ukiondoa gharama za kulifuatilia deni.

Ufilisi wenyewe unaongozwa na Sheria ya Ufilisi ya mwaka wa 2015, iliyochukua mahali pa sheria ya enzi za ukoloni. Mdai humpa mdaiwa ilani ya kumtaka alipe, na siku 21 zikipita bila malipo wala maelewano, anaweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze kuwa amefilisika. Mdaiwa naye anaweza kujipeleka mwenyewe. Agizo likitolewa, mali yake huwekwa chini ya afisa wa serikali aitwaye Mpokezi Rasmi, huuzwa, na wadai hugawana. Zana za kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani huachiwa mwenyewe. Hawezi kuwa mbunge wala mwakilishi wa wadi, na haruhusiwi kuongoza kampuni bila idhini ya mahakama.

Kwa upande mwingine, wadai wasio na dhamana hawawezi tena kumwandama mmoja mmoja. Lori haliji. Chini ya sheria ya zamani, ilimbidi mtu aende kuomba mahakama imwondolee ufilisi. Sasa huondolewa miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa kamili ya hali yake ya kifedha, isipokuwa kama kuna pingamizi, na madeni mengi hufutika. Yanayobaki ni kama yale yaliyotokana na ulaghai, na pesa za kutunza watoto.

Kwa asiye na kitu cha kuuza, sheria hiyo imetenga njia nyepesi zaidi. Mwenye madeni ya kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, ambaye hana mali wala uwezo wa kulipa, anaweza kumwomba Mpokezi Rasmi amkubali katika utaratibu wa wasio na mali, na deni hufutwa baada ya miezi 12. Njia hiyo mtu huruhusiwa mara moja tu maishani. Mwenye kipato anaweza kuomba apangiwe kulipa kwa awamu, au afikie mapatano na wadai wake chini ya usimamizi wa mtaalamu. Kwa yakini, mwalimu wa mfano wetu angefaa kuwaona wadai wake angali na mshahara, kabla hata ya kuitwa na mahakama.

Mbona basi wengi huona afadhali kuhama usiku kwenda Ruai au Kitengela? Aibu ni sababu moja, na wakili si wa bure. Lakini sababu nzito zaidi iko kwenye ile fomu ya Sacco. Sheria inamwondolea deni aliyefilisika. Haimwondolei mdhamini wake. Siku mwalimu anaposafishwa na mahakama, Sacco hugeukia akiba na mshahara wa waliomtilia saini, na jirani wa ghorofa ya pili huanza kukatwa pesa kwa deni ambalo hakulila.