Mita kabla ya vali: nani atalipia kumwagilia kwa simu?

Mtambo wa kumwagilia mimea kwa simu si kazi ngumu tena kwa kijana aliyesoma elektroniki Dar es Salaam au Nairobi. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ilitoa chipu ya ESP8266, iliyoshusha gharama ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi hadi dola chache, na 2016 ikafuata ESP32 yenye nguvu zaidi. Ongeza kihisi cha unyevu wa udongo, rilei, pampu ndogo na programu ya simu, na wiki mbili zikiisha una kitu cha kuweka mezani kwenye maonyesho: mche wa nyanya ndani ya kopo, mrija mwembamba, na kitufe kwenye kioo cha simu. Mgeni rasmi anabonyeza, maji yanatoka, makofi yanapigwa. Mwaka unaofuata meza ile ile ina mbunifu mwingine, na yule wa kwanza ameajiriwa benki. Ufundi haukumwangusha. Alikuwa anauza bidhaa ya kuokoa nguvu kazi katika soko ambalo nguvu kazi ni rahisi, huku ndani ya kifaa chake hicho hicho kukiwa na kitu kingine ambacho watu wangekilipia: habari za maji yaliyotoka.

Wazo lenyewe lilikomaa kwenye bustani za Marekani, na huko lina mantiki yake. Idara ya mazingira ya nchi hiyo hukadiria kwamba takriban asilimia 30 ya maji ya nyumbani hutumika nje ya nyumba, sehemu kubwa kwenye nyasi. Kampuni ya Rachio ya Denver ilipoingia sokoni, mteja wake tayari alikuwa na mabomba yaliyofukiwa ardhini, vali za volti 24 na kisanduku cha saa ukutani kwenye gereji. Rachio ilimwomba ang'oe kile kisanduku, achomeke chake kwenye nyaya zile zile, kisha auachie utabiri wa hali ya hewa uamue lini nyasi zinyweshwe. Iliuza akili kwa mtu ambaye mwili anao tayari. Huku kwetu mwili haupo. Anayetaka kumwagilia kwa simu hana budi kwanza kununua tenki, mabomba, chujio na pampu, na akishamaliza hivyo, programu ya simu imebaki kuwa sehemu ndogo kabisa ya bili. Hata Jason Aramburu, aliyewahi kufanya kazi ya mkaa wa kurutubisha udongo na wakulima wa magharibi mwa Kenya, alipobuni kihisi cha Edyn na kuchangisha fedha Kickstarter mwaka 2014, alikielekeza kwa wenye bustani za nyumbani Marekani. Wazo lilijua pesa ziko wapi.

Basi tuulize nani huku ana shida ambayo kifaa hiki kinaitatua. Mashamba makubwa ya maua ya Naivasha hayamo. Yamekuwa yakinunua mitambo mizima kutoka Uholanzi na Israeli kwa muda mrefu. Mkulima mdogo anayeishi shambani kwake naye hayumo, na ni vizuri tukubali hivyo mapema kwa sababu ndiye anayetajwa katika kila andiko la kuomba ruzuku. Bomba likipasuka analiona mwenyewe. Udongo ukikauka anauchimba kwa kidole. Anahitaji pampu, mipira na mkopo wenye masharti ya kibinadamu. Programu ya simu kwake ni pambo. Mwenye shida hasa ni mkulima wa simu: mtumishi au mfanyabiashara anayeishi mjini, mwenye ekari mbili Bagamoyo, Mkuranga au Kajiado, na kijana anayelipwa kuzitunza. Kila jioni anapiga simu, "Umemwagilia?" Kila jioni anajibiwa, "Ndiyo bosi, tumemwagilia." Mwezi wa tatu anakwenda kuvuna na kukuta pilipili hoho zenye ukubwa wa yai la kware. Labda kijana alimwagilia nusu. Labda pampu ilikuwa mbovu kwa siku nne naye akaogopa kusema. Labda petroli ya lita tano iliishia kwenye bodaboda. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walishasema, na shamba la mkulima wa simu ni mali isiyo na daftari.

Daftari hilo ni rahisi kulitengeneza kuliko mtambo wa kujiendesha, na hapa ndipo hesabu inapovutia. Chukua robo ekari, yaani mita za mraba 1,000 hivi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mboga zinazohitaji milimita tano kwa siku ya jua kali zinataka lita 5,000. Kwa keni ya lita kumi hiyo ni safari 500, na asiyeamini kwamba kijana atapunguza safari hajawahi kubeba keni. Ukilaza mipira ya matone kwa mistari iliyoachana mita moja, utatumia mita 1,000 za mpira. Matundu yakiwa kila sentimita 30, ni matundu kama 3,300. Kila tundu likitoa lita moja kwa saa, presha ikiwa ya kutosha, shamba zima linakunywa lita 3,300 kwa saa, na kazi ya siku inakwisha kwa saa moja na nusu. Sasa weka mita ya maji, moja tu, kwenye bomba kuu, ile ya kawaida inayotoa mpigo wa umeme kila lita kadhaa zikipita, na kisanduku chenye laini ya simu kinachotuma hesabu kila jioni. Ikisoma 3,300 kwa saa, mambo ni shwari. Ikishuka wiki kwa wiki, 3,000, 2,700, 2,400, matundu yanaziba na chujio halijasafishwa. Ikiruka ghafla hadi 5,000, kuna mpira umekatwa na jembe au panya. Ikisoma sifuri saa kumi na mbili asubuhi wakati pampu inanguruma, kisima kimekauka au vali ya kufyonzea imevuta hewa. Namba moja imesema yote hayo, bila kihisi hata kimoja kuchomekwa kwenye udongo.

Linganisha na vali na vihisi, ambavyo ndivyo wabunifu huanza navyo. Vali nyingi za umeme za bei ya chini hutumia presha ya maji yenyewe kuinua kiwambo chake cha ndani, na chini ya nusu baa hivi hazifunguki sawasawa. Maji yaliyoinuliwa mita kumi ndiyo hutoa baa moja. Tenki lililokaa juu ya jukwaa la mita mbili, kama yalivyo matenki mengi ya mashambani, linatoa baa 0.2. Kwa hiyo mtambo uliofanya kazi vizuri mjini kwenye bomba la mamlaka ya maji unafika Mkuranga, simu inasema vali imefunguliwa, na maji hayatoki. Dawa ipo, vali ya mota isiyohitaji presha, lakini bei yake na umeme wake ni habari nyingine. Kihisi cha unyevu nacho kinasoma sentimita chache zinazokizunguka, na namba inayomaanisha "maji yanatosha" kwenye kichanga cha pwani inamaanisha kiu kwenye udongo wa mfinyanzi. Kila shamba linataka kipimo chake. Vile vya bei rahisi vyenye pini mbili za chuma huliwa na kutu kabla msimu haujaisha. Hata kutuma ujumbe kuna mtego: moduli ndogo za GSM zinazopendwa na wanafunzi, kama SIM800L, huweza kunyonya hadi ampea mbili kwa mapigo mafupi zinapotafuta mnara, na betri dhaifu ikishindwa, kifaa kinazima na kuwaka usiku kucha. Mita nayo inahitaji kifaa cha kutuma, kweli, lakini inatuma mara moja kwa siku, na ikikosa mtandao leo itatuma kesho bila mmea kufa. Vali ikikosa amri leo, mmea unaumia leo.

Kuna watakaosema mita haimwagilii, na mteja anayelipa anataka kumwagiliwa. Ni kweli, na baada ya misimu miwili ya kusoma mita wengi wao wataomba vali. Wakati huo muuzaji atakuwa anajua presha ya kila shamba, saa ambazo kisima hujaza, na wateja gani hulipa kwa wakati. Huo ni mtaji mkubwa kuliko mkopo wowote wa benki. Tazama pia walioendelea katika soko letu. SunCulture ya Kenya, iliyoanzishwa 2012, huuza pampu za sola kwa kulipa kidogo kidogo. Synnefa, iliyokuwa ikiitwa Illuminum Greenhouses, ilijijengea jina kwa vitalu nyumba vyenye mabomba ya matone, vihisi vikiwa sehemu ya kifurushi kizima. Hakuna kati yao aliyeuza kitufe peke yake. Na kwenye mkopo kuna mteja wa pili ambaye wabunifu humsahau. Taasisi inayokopesha pampu haiishi shambani. Inataka kujua kama pampu inafanya kazi, kama mkopaji analima kweli, kama ukosefu wa malipo umetokana na ukame au na ujanja. Mkopeshaji naye ni mkulima wa simu, ila ana mashamba elfu moja. Kwake rekodi ya lita ni dhamana ya aina fulani, na yuko tayari kuilipia kwa pamoja kuliko kumsubiri mteja mmoja mmoja. Huyo mkulima mdogo tuliyesema hahitaji programu anaweza basi kunufaika nayo bila kuigusa.

Pingamizi zito zaidi linatoka madukani Kariakoo, Dar es Salaam, na barabara ya Luthuli kule Nairobi: vifaa vya China. Mtu ataagiza saa ya bomba yenye Wi-Fi kwa bei ambayo mbunifu wa hapa hawezi hata kununulia vipuri. Kwa bustani ya nyumbani Mbezi au Karen, yenye Wi-Fi na bomba lenye presha, ni kweli, na sioni sababu ya kupigana vita hiyo. Afadhali fundi anunue hizo hizo, azifunge na kuzihudumia. Kwa shamba lisilo na Wi-Fi wala presha, kifaa hicho hakina mahali pa kushika. Ulinzi wa biashara hii haumo kwenye kifaa. Umo kwenye fundi anayefika kesho yake mita ikisoma sifuri.

Na fundi huyo ndiye gharama kubwa. Mashamba manne yaliyo kata moja anayamaliza kwa pikipiki siku moja. Mashamba manne yaliyotawanyika Bagamoyo, Kibaha, Mkuranga na Kisarawe yanamla siku nne na mafuta. Kampuni changa ikubali aibu ya kusema "huko bado hatufiki", iuze kata kwa kata hadi kila safari ilipiwe na wateja kadhaa. Mambo ya vibali nayo yahesabiwe tangu mwanzo: kifaa chenye redio kinahitaji idhini ya TCRA Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, na anayechota maji ya kisima kirefu au mto kwa kilimo Tanzania anatakiwa kuwa na kibali cha bodi ya maji ya bonde chenye kiasi chake. Wateja wengine wataogopa mita kwa sababu hiyo ya mwisho. Aliye ndani ya kibali chake, mita ndiyo shahidi wake siku ya ukaguzi.

Limebaki suala la kijana wa shambani, na sipendi linavyorukwa. Mita ni jicho juu yake, na mtu anayechungwa hupata njia: atafungua bomba limwage kichakani mpaka hesabu itimie. Teknolojia haina jibu la hilo, lakini mpangilio wa ujumbe unalo kiasi. Tahadhari ikienda kwake kwanza, kwa SMS ya kawaida kwenye simu yake ya vitufe, "maji yamepungua, safisha chujio", na kwa bosi kesho yake kama hakuna kilichobadilika, mita inageuka kuwa shahidi wake pia. Siku ambayo pampu imekufa, hana haja ya kudanganya wala kueleza. Namba imeshaeleza kabla yake, na bosi hawezi kumkata mshahara kwa kosa la mashine. Mkulima wa simu anayefikiri ananunua kifaa cha kumkamata mtu atakikuta kimechomolewa wiki ya pili, na muuzaji akiulizwa ajibu hivyo kabla ya kupokea pesa.

Mengine yataamuliwa na masika. Mvua zikianza Machi hakuna anayemwagilia, na ada ya kila mwezi inaonekana wizi. Mteja anaacha kulipa Aprili na harudi Juni. Afadhali kutoza kwa msimu wa kiangazi peke yake, fedha zikipokelewa kabla ya mche kupandwa, na kuitumia miezi ya mvua kung'oa mita, kusafisha mipira kwa maji yenye tindikali kidogo inayoyeyusha chumvi, na kubadili betri zilizochoka, ili Juni fundi asianze msimu kwa kufukuzana na matundu yaliyoziba tangu Februari.