Unamzomea winga, wewe mwenyewe pumzi huna

Jukwaani kila mtu kocha. Winga akishika kiuno dakika ya 70 tunapiga kelele: "Mtoe huyo, hana pumzi!" Mwezi uliopita nikaenda kuipima yangu Coco Beach, saa 11:30 alfajiri. Nilitoka nduki kama nawahi krosi. Dakika ya tatu niko chini, nahema, na mama mmoja wa makamo ananipita huku anapiga stori na mwenzake.

Kosa lilikuwa kasi. Alfajiri joto la mwili liko chini na misuli imekaza, hivyo tembea kwanza dakika tano. Kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, umezidisha. Siku tatu kwa wiki zinamtosha anayeanza.

Adui mkubwa ni usiku. Mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ikianza saa 5, inaisha karibu saa 7. Hapo kengele ya saa 11 utaizima tu. Mimi siku hizo sikimbii, nahamishia kesho yake.

Jana nimefikisha dakika moja mara nane. Yule mama bado ananipita.