Usonji (2): Mtoto apelekwe kuchunguzwa, au asubiriwe?

Wiki iliyopita tulieleza usonji ni nini. Leo tuingie kwenye swali linalowanyima wazazi usingizi: mtoto huyu tumpeleke hospitali, au tumpe muda?

Majibu ya nyumbani yanajulikana. "Watoto wa kiume huchelewa kusema." "Hata baba yake alichelewa." Wengine humpeleka akakatwe udata, ingawa udata haumzuii mtoto kugeuka anapoitwa jina. Ni kweli wapo wanaochelewa kusema na baadaye wakawa sawa. Lakini mtoto wa namna hiyo huwasiliana kwa njia nyingine: humwonyesha mama yake ndege kwa kidole, kisha akamtazama usoni kuona kama naye amemwona. Mtoto wa kutiliwa shaka akitaka maji huushika mkono wa mama na kuupeleka kwenye jagi, bila kumtazama mwenye mkono. Hilo lina uzito kuliko hesabu ya maneno.

Ushauri wangu ni huu. Kama ametimiza mwaka na hageuki akiitwa, ana mwaka na nusu na haonyeshi kitu kwa kidole, au ana miaka miwili na haunganishi maneno mawili, apelekwe. Aliyekuwa na maneno akayapoteza apelekwe mara moja, awe na umri wowote.

Aanze na masikio. Asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa, na homa ya uti wa mgongo huweza kuharibu usikivu bila wazazi kugundua. Kumpigia makofi kwa nyuma hakutoshi. Apimwe na mtaalamu.

Usonji wenyewe hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza na kumhoji mzazi kwa kina. Yapo maswali 20 ya M-CHAT-R kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, lakini hayo huchuja tu nani achunguzwe zaidi. Na kwa kuwa mtoto akiwa ugenini hulia au hujikunyata, mrekodi nyumbani kwa simu akila na akicheza na wenzake, uende na video hiyo pamoja na kadi ya kliniki.

Wapo wanaoogopa jina lenyewe, na siwalaumu. Huko Marekani, Bruno Bettelheim aliandika mwaka 1967 kwamba usonji unatokana na mama asiye na upendo, dai ambalo sayansi imekwisha kulikataa. Kwetu husemwa laana au kurogwa, na anayesutwa ni mama yule yule. Lakini bila jina hilo, mwalimu humchapa mtoto akidhani ni mtukutu. Ripoti ya daktari humpa mzazi pa kusimamia anapodai haki ya elimu iliyomo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010.

Wataalamu wa usemi ni wachache na wengi wako mijini, hivyo msiwangoje mikono mitupu. Kaa chini uso kwa uso na mwanao, cheza anachokipenda, taja kila anachokishika, mpe nafasi ajibu kwa namna yake.

Mzazi mwenzangu, kliniki ya mwezi huu usiishie kwenye mizani. Mweleze muuguzi unachokiona nyumbani, na uombe rufaa.

Wiki ijayo: shule.