Nyasi Laghai na Moto wa Nevada

Mwezi Julai mwaka 2018, katika jimbo la Nevada, magharibi ya Marekani, moto wa nyika uliteketeza zaidi ya ekari 400,000. Uliitwa moto wa Martin, na hadi wakati huo jimbo hilo halikuwa limeshuhudia moto mmoja mkubwa kama huo. Wafugaji walipoteza ng'ombe na malisho. Ndugu msikilizaji, ukiuliza moto ulikula nini katika nchi kame kama ile, ambayo sehemu kubwa haina msitu, jibu kubwa ni nyasi nyembamba zisizofika goti, ambazo miaka 150 iliyopita hazikujulikana kabisa mahali pale.

Wataalamu wanaziita Bromus tectorum. Wakulima wa ngano wa Marekani walizipa jina lenye maana ya nyasi laghai, kwa kuwa ziliingia mashambani na kuwadhulumu mavuno, nasi tutalitumia jina hilo. Asili yake ni Ulaya, Asia ya magharibi na Afrika ya kaskazini. Zilifika magharibi ya Marekani mwishoni mwa karne ya 19 zikiwa zimechanganyika na mbegu za ngano, kisha reli na mifugo vikazisambaza. Kufikia mwaka 1930 hivi zilikuwa zimeshaenea karibu kote zilipo leo.

Zilikuta mlango wazi. Nyasi za asili za kule ni za kudumu, humea kwa mashina yaliyoachana, na kati ya shina na shina udongo hufunikwa na gamba jembamba la vijimea vidogo. Nyasi hizo hazikuzoea makundi makubwa ya wanyama, tofauti na za Serengeti zinazoliwa na kukanyagwa na nyumbu tangu enzi na enzi. Walipoletwa ng'ombe na kondoo kwa maelfu, mashina yaliliwa mpaka yakachoka na lile gamba likavunjwa kwa kwato. Sheria ya kudhibiti malisho katika ardhi ya serikali ilipitishwa mwaka 1934, wakati mgeni ameshajikita.

Nguvu ya mgeni huyu iko katika kuwahi. Mbegu zake huota kwa mvua za mwisho wa mwaka, kabla baridi haijakaza. Juu ya ardhi utadhani mmea umelala, kumbe chini mizizi inaendelea kushuka. Ifikapo Machi au Aprili, nyasi za asili zinapoanza kuamka, nyasi laghai zimeshayanywa maji ya juu. Mwezi Juni zimekwisha kutoa mbegu na kufa, na nchi nzima imetandikwa mkeka wa majani makavu wakati nyasi za kudumu bado zina ubichi. Zamani cheche ya radi ikianguka ilikwama, maana kati ya kichaka na kichaka palikuwa na udongo mtupu. Sasa moto una daraja la kupitia.

Kichaka chenyewe ni cha ukoo wa pakanga, cha rangi ya kijivu na harufu kali. Kikiungua hakichipui tena kutoka shinani, na mbegu zake hazisafiri mbali. Palipokuwa na moto mmoja katika miongo mingi, pengine katika miaka 100 na zaidi, pamefika mahali, kama katika bonde la mto Snake huko Idaho, panapoungua kila baada ya miaka michache tu. Kila moto huondoa vichaka, na nyasi laghai hurudi za kwanza juu ya majivu yenye rutuba, zikiandaa moto unaofuata. Yupo ndege mkubwa wa jamii ya kwale ambaye wakati wa baridi hula karibu majani ya pakanga hiyo peke yake. Kichaka kikienda, naye huenda. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba nyasi hizi zimetamalaki katika kilomita za mraba zipatazo 210,000. Hilo ni eneo linalokaribia ukubwa wa Uganda.

Kwa haki, ng'ombe huzila zikiwa mbichi, na wapo wafugaji wanaozitegemea. Lakini ubichi huo ni wa majuma machache. Baadaye masuke yenye miiba huwachoma wanyama midomo na macho. Mwaka wa mvua huwa tele, mwaka wa ukame haba, na mfugaji hawezi kupanga idadi ya mifugo kwa chakula cha namna hiyo.

Na tusidhani hadithi hii haituhusu. Zipo nyasi za Afrika, Cenchrus ciliaris, ambazo Kenya hupandwa kufufua malisho yaliyochakaa. Katika karne ya 20 zilipandwa Arizona na Mexico kwa ajili ya malisho na kuzuia mmomonyoko. Leo Arizona watu wanajitolea kuzing'oa jangwani, kwa kuwa zinapeleka moto kwenye mimea isiyouzoea. Hizo ni za kudumu na tiba yake ni nyingine, ila ugomvi ni ule ule.

Tiba ya nyasi laghai ipo, lakini ina masharti. Mbegu zake nyingi hazidumu ardhini zaidi ya miaka michache. Dawa iitwayo indaziflamu huzuia mbegu kuota kwa miaka kadhaa, hivyo akiba ya adui huisha. Tatizo ni kwamba haichagui sana: huzuia na mbegu za nyasi njema, kwa hiyo inafaa zaidi pale ambapo nyasi za kudumu tayari zina mizizi. Kulisha ng'ombe mapema hupunguza majani ya kuungua, lakini mchungaji akizembea, nyasi za asili ndizo huumia. Mwaka 2020 serikali ya Marekani iliidhinisha mpango wa kufyeka njia za kuzuia moto zenye urefu wa hadi maili 11,000, na wapinzani wakasema ardhi iliyochokorwa ndiyo hasa inayopendwa na magugu. Kumwaga mbegu za asili kwa ndege baada ya moto kumeshindwa mara nyingi katika maeneo ya chini yenye joto na ukame.

Kwa muda mrefu fedha zilifuata moto: palipoungua ndipo zilipomwagwa. Sasa wataalamu wengi wanashauri kuanza na nyika ambayo bado ni nzima, hasa ya miinuko yenye baridi na unyevu, kung'oa magugu machache yaliyoingia, kisha kusogea nje polepole. Kwa maoni yangu wana haki, kwani shilingi moja inayolinda mashina yaliyo hai hufanya kazi ambayo shilingi nyingi hazitaiweza baada ya moto wa tatu. Lakini uamuzi huo una mtu wa kuulipia, naye ni mfugaji wa bondeni ambaye nyika yake imeshaungua mara tatu. Ataendelea kusubiri zamu yake, na kila Juni ikifika atatazama majani yanavyokauka.