Uganda, Ng'ambo ya Jirani

Nilipomwambia mama kwamba nakwenda ng'ambo kusomea sanaa, aliuliza ndege inaondoka lini. Nikamjibu kwamba napanda basi Kisumu asubuhi na jioni nitakuwa Kampala nikila matoke. Alicheka hadi akajipangusa machozi kwa leso. Kwetu Muhoroni, mji wa miwa nchini Kenya, ng'ambo ni Ulaya na Marekani. Uganda ni hapo tu. Tena hadi mwaka 1902 Muhoroni yenyewe ilikuwa ndani ya Uganda, kisha Waingereza wakauhamisha mpaka. Wazee wetu waligeuka wageni wa Kampala bila kunyanyua mguu.

Mpakani Busia utavuka kwa kitambulisho cha taifa. Karibu na Jinja yanaanza mashamba ya miwa ya Kakira, na kwa muda nilidhani dereva amegeuza basi anaturudisha nyumbani. Halafu daraja jipya la Nile, lililofunguliwa 2018, msitu wa Mabira, na vijana wanaokimbilia madirisha na mishikaki ya kuku.

Kampala ni vilima. Namirembe ni wa Waanglikana, Rubaga wa Wakatoliki, Kibuli wa Waislamu, na mji ulianzia pale Mwingereza Lugard alipojenga ngome yake 1890. Sokoni nilinunua rangi kwa Kiswahili, mama muuzaji akanitazama kama askari. Wazee wengi huko bado wanakikumbuka kama lugha ya wanajeshi wa Idi Amin. Serikali yao iliamua 2022 kifundishwe shuleni, lakini wewe jifunze kwanza kusema "ssebo" (bwana) na "nnyabo" (bibi), bei hushuka.

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa barazani kwake, na chuo cha sanaa kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwanafunzi wake mmoja wa mwanzo alikuwa Mkenya, Gregory Maloba, na ndiye aliyeunda sanamu ya Uhuru wa Uganda ya 1962, mama anayemwinua mtoto, katikati ya Kampala. Mkenya mwenzake, msanii Rosemary Karuga, naye alisomea hapo. Elimo Njau alitoka Tanganyika, akasoma Makerere, akaja kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa Nairobi. Wasanii wetu wakongwe walipikwa huku, na bado tunawapeleka vijana ubalozi wa Italia kuomba viza!

Lakini kilichonishika hasa ni lubugo, kitambaa cha gome la mti. Mimi nimekulia mahali ambapo makapi ya miwa hayana kazi ila kuchomwa tanurini kiwandani. Waganda huchuna gome la mutuba, aina ya mkuyu, wakati wa mvua, kisha hulifunga shina kwa majani ya mgomba, kama kidonda, hadi gome jingine liote. Gome lililochunwa hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, ndani ya banda lisiloruhusu jua kulikausha mapema. Ukanda mwembamba unapanuka taratibu kuwa kitambaa, na kikianikwa kinageuka rangi ya udongo mwekundu. Nilipewa nyundo nijaribu. Baada ya robo saa nilikuwa nimetoboa tundu la kupitisha ngumi, na fundi, mzee wa ukoo wa Ngonge, akanichekea kwa upole uliouma zaidi ya tusi. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa turathi ya wanadamu mwaka 2005.

Lubugo ndilo pazia la makaburi ya Kasubi, walikozikwa makabaka (wafalme) wanne wa Buganda. Nyumba kuu ni ya miti, matete na nyasi, na dari ina pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Iliteketea Machi 2010. Ikajengwa upya, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, wala si ya mkandarasi yeyote. Nimewahi kusikia Wakenya wakinung'unika kwamba Kampala haina magofu. Magofu ya nini, wakati wajuao kujenga wapo?

Ukienda, shuka Wandegeya, Makerere iko hapo karibu. Ingia maktaba kuu uione sanamu ya Francis Nnaggenda ya majeruhi wa vita, iliyochongwa katika gogo refu. Kasubi, vua viatu mlangoni. Pesa badilisha kabla ya giza, na usisahau kitambulisho.