Tawi Kavu Juu ya Mwembe

Watoto, kila asubuhi mnapita chini ya miti mikubwa. Miti hiyo inawapa kivuli, matunda na kuni. Mungu aliiumba kwa faida yetu. Lakini je, mnapopita chini yake mnainua macho kutazama juu?

Sikieni kwanza habari hii. Katika misioni moja nilimofanya kazi palikuwa na mwembe mzee. Chini yake tuliweka benchi refu, na watoto walikaa pale kungoja kengele. Siku moja, wakati wa kiangazi, mtoto wa mwaka wa pili aliniuliza: «Frera, mbona tawi lile halina majani?» Nikatazama. Kweli, tawi moja nene lilikuwa tupu kabisa. Nikamjibu: «Vema, mtoto wangu, nitalikata.» Lakini siku zile tulikuwa tukichoma matofali. Kazi ilikuwa nyingi, nikasahau.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, baada ya mvua ya usiku, jua liliwaka vizuri, wala hapakuwa na upepo. Kengele ikalia, watoto wakakimbia kujipanga. Mara tukasikia mlio kama wa bunduki. Tawi lile lilianguka, likavunja benchi vipande viwili. Hakuna aliyeumia. Lakini kama kengele ingalichelewa kidogo, huenda tungalimzika mtoto siku ile. Nilitetemeka. Kosa lilikuwa langu: niliambiwa, wala sikutenda.

Kwa nini tawi linakufa?

Tawi linaishi kwa maji yatokayo mizizini na kwa mwanga wa jua. Matawi ya chini yakifunikwa na matawi ya juu yanakosa mwanga, yanakufa polepole. Hii ni kawaida ya miti yote. Lakini mara nyingine kosa ni letu. Watu wanachoma takataka chini ya mti, na moto unaunguza ganda lake. Au wanachimba msingi wa nyumba na kukata mizizi. Wadudu nao wanatoboa mti. Tena kuna mimea inayoota juu ya tawi la mti mwingine na kunyonya maji yake.

Kwa nini linaanguka siku isiyo na upepo?

Tawi lililo hai linapinda, kisha linarudi. Tawi lililokufa halipindi. Uyoga unalila toka ndani, hata mti wake unakuwa laini na dhaifu. Mvua ikinyesha, tawi linakunywa maji na kuwa zito. Kwa hiyo linaweza kuvunjika kwa uzito wake wenyewe, bila upepo wowote. Na tazameni: kwetu mvua na maembe vinakuja pamoja. Wakati tawi kavu linapokuwa zito, ndipo watoto wanapojaa chini ya mwembe!

Tufanye hesabu. Tawi lenye urefu wa metra 3 na unene wa sentimetra 15 laweza kuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Likianguka toka juu metra 10, linafika chini kwa muda wa sekunde 1 na nusu hivi, na mwendo wake unakaribia kilometra 50 kwa saa. Unaposikia linavunjika, huna tena nafasi ya kukimbia.

Tutalijuaje tawi lililokufa?

Halina majani wakati matawi mengine yanayo. Ganda lake linabanduka. Pengine uyoga umeota juu yake. Lakini muwe na akili: miti mingine, kama jakaranda, inaangusha majani wakati wa kiangazi, nayo ni mizima. Basi yafaa kuitazama mvua zinapokaribia kwisha, wakati ingali na majani. Wakati huo tunatia alama kwenye miti yenye matawi makavu, kisha tunayakata wakati wa kiangazi, kabla ya mvua kurudi. Lakini tawi lililovunjika na kunaswa juu lisingoje: likatwe siku ileile.

Namna ya kulikata

Kazi hii ni ya fundi, si ya watoto. Kwanza anaweka kamba kuzunguka mahali pote ambapo tawi laweza kuanguka, na mtu mmoja anakaa chini kulinda njia. Fundi anavaa kofia ngumu, anajifunga kwa kamba kwenye sehemu ya mti iliyo hai. Hakanyagi tawi kavu kamwe. Kama waya za umeme zinapita karibu, hapandi. Wenye kazi ya umeme waitwe.

Kisha anakata mara tatu. Mara ya kwanza anakata toka chini kwenda juu, mbali na shina kadiri ya sentimetra 30, asifike katikati. Mara ya pili anakata toka juu, mbele kidogo ya alama ya kwanza. Tawi linaanguka bila kurarua ganda la shina. Mara ya tatu anakata kipande kilichobaki.

Tazameni mahali tawi linapotoka kwenye shina: pana uvimbe kama pete. Uvimbe huo ni hai, hata kama tawi limekufa. Fundi mzuri anakata mbele yake tu, wala haugusi. Zamani mafundi wengi walikata sawasawa na shina, kisha wakapaka lami juu ya kidonda. Bwana Alex Shigo wa Marekani alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone yaliyomo ndani. Mwaka 1977 alieleza kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu. Unajenga kuta ndani yake ili ubovu usiendelee, halafu unafunika kidonda kwa mti mpya. Ukikata uvimbe ule, unabomoa ukuta. Lami nayo haizuii ubovu.

Je, tukate kila tawi kavu? Hapana. Msituni, mbali na njia, ndege wanajenga ndani ya miti iliyokufa. Tuwaachie. Tunakata pale watu wanapopita, wanapokaa na wanapocheza.

Kazi yenu, watoto

Msipande juu ya tawi kavu kuchuma maembe. Msitupe fimbo juu ili kuliangusha. Msicheze chini yake. Lakini mna macho mazuri kuliko sisi wazee. Mkiona tawi lisilo na majani, mwambieni mwalimu. Kama hakufanya neno, mwambieni tena kwa heshima, wala msichoke. Kuona hatari na kunyamaza ni kosa. Kuambiwa na kutotenda ni kosa kubwa zaidi, mimi nalijua.

Baada ya siku ile nilimwita yule mtoto wa mwaka wa pili, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Tena nikampa kazi mpya: kila mwisho wa mvua, kutazama nami miti yote ya uwanja.

Maulizo

1. Kwa nini tawi lililokufa laweza kuanguka siku isiyo na upepo?
2. Ni wakati gani unaofaa kuitazama miti? Kwa nini?
3. Fundi anakata tawi mara ngapi? Eleza kila mara.
4. Tazama miti ya uwanja wenu. Je, kuna tawi kavu? Utamwambia nani?