BETRI IKIDEDI SAA SABA USIKU, NANI ATAKUSUKUMA?

Wiki hii tuwape likizo wapendanao na vituko vyao, tuongee na wenye michuma. Na wewe usiye na gari usifunue ukurasa mwingine, maana gari la mwenzako likigoma kuwaka, wa kwanza kuitwa ni wewe. Mimi mwenyewe sina gari, nina mabega tu, na mabega haya yameshasukuma magari ya watu kuanzia Tabata mpaka Mwananyamala.

Ila siku hizi kazi ya mabega imeingia mdudu. Zamani gari likigoma, vijana wanne wa kijiweni walijipanga nyuma, dereva akatia gia ya pili, akakanyaga klachi, gari likishika kasi anaiachia, ngoma inawaka, watu wanapewa ya soda. Sasa tazama barabarani leo: Vitz, IST, Passo, Raum, mengi ni otomatiki. Gari la otomatiki hata ukalisukuma mpaka Chalinze haliwaki, kwa sababu humo hakuna klachi ya kuachia ili magurudumu yaizungushe injini. Utamwaga jasho bure na soda hupati.

Ndiyo maana madukani kumejaa kitu ambacho vijana wanakiita busta. Ni kidude cha ukubwa wa kitabu, kina waya mbili fupi, nyekundu na nyeusi, na kila waya una kibanio mdomoni. Unakibana kwenye betri iliyolala, unapiga stata, gari linawaka, unakichomoa, unaondoka zako. Huhitaji gari la mtu wala mabega ya mtu. Kwa maneno ni kitu bomba. Kwenye kununua ndiko kuna kasheshe.

GARI LIKILALA, HESABU HAILALI

Nina jirani yangu anayeendesha teksi ya mtandao. Gari lenyewe la mkataba, kila wiki anapeleka hesabu kwa tajiri, akimaliza mkataba gari linakuwa lake. Mnaojua mambo haya mnaelewa: gari likilala, hesabu hailali.

Usiku mmoja jamaa alishusha abiria kule mbele ya Tegeta, akazima gari ili asubiri mwito mwingine. Simu ikalia, akawasha, akasikia ta-ta-ta-ta, taa za dashibodi zikafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Saa saba usiku, mtaa hana anayemjua. Wakatokea vijana watatu, wakataka fedha kwanza ndipo waongee. Alijifungia ndani mpaka saa kumi, dereva mwenzake alipomfikia na waya za kubustia. Huyo ni mwanamume mwenye misuli yake. Fikiria dada anayetoka zamu ya usiku peke yake. Kwa hiyo tusione hiki ni kidude cha wenye fedha za kuchezea. Kwa mtu wa usiku ni usalama wake na ni ugali wake.

Asubuhi yake tukaenda wote Kariakoo. Muuzaji wa kwanza akatutolea boksi linalong'aa, mbele limeandikwa kwa maandishi makubwa: 2000A. "Hii braza inawasha hata Scania," akatamba. Jirani yangu mkono ukawa umeshaingia mfukoni. Nikamwambia, kaka subiri, tusome na nyuma ya boksi.

NAMBA KUBWA INADANGANYA

Hiyo 2000A ni amperi za kilele, yaani umeme ambao kitu kinaweza kuutoa kwa kufumba na kufumbua, kisha unashuka. Kila kiwanda kinaupima kwa namna yake, kwa hiyo boksi mbili zenye namba moja zinaweza zisiwe na nguvu moja. Stata haiwashi gari kwa kufumba na kufumbua. Inataka umeme mfululizo kwa sekunde tatu, nne. Stata ya injini ndogo ya petroli inavuta kama amperi 100 mpaka 200. Kwa hiyo tafuta amperi za kuwashia, zile za mfululizo, ambazo huwa ndogo kuliko za kilele na mara nyingi zimefichwa nyuma kwa maandishi ya sisimizi. Kama hazijaandikwa kabisa, hapo pana walakini.

Namba ya pili ni wati-saa, ile Wh. Hii inakwambia ndani mna umeme kiasi gani. Tupige hesabu kidogo, usikimbie. Betri ya gari dogo ni ya volti 12, na nyingi zina kama amperi-saa 35. Zidisha: 35 mara 12 ni wati-saa 420. Sasa chukua busta iliyoandikwa miliamperi-saa 12,000. Usione sifuri nyingi ukachanganyikiwa. Hizo ni amperi-saa 12 tu, na selo za ndani nyingi ni za volti 3.7. Zidisha: 12 mara 3.7 ni wati-saa 44 na ushee. Yaani ni kama sehemu moja ya kumi ya betri yako.

Hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Busta haichaji betri, inaisukuma tu. Ni kama kumpa andazi moja mtu aliyeshinda njaa: atasimama, atatembea mpaka kwa mama ntilie, lakini hajashiba. Kushiba kwenyewe ni kazi ya alteneta ukiwa unaendesha, au chaja ya umeme wa ukutani ukiwa nyumbani.

Ukitaka chaja ya nyumbani, kanuni ya mafundi ni kuchaji kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Betri ya amperi-saa 35 inatosha chaja ya amperi 3 au 4, unaiacha usiku kucha mahali penye hewa. Chukua inayojikata yenyewe betri ikijaa. Hii inamfaa mwenye gari linalolala ndani wiki nzima, lakini ukiwa Tegeta saa saba usiku haikusaidii kitu.

VYA KUSHIKA NA KUTAZAMA

Tukirudi kwenye busta, ukiwa dukani usiangalie kung'aa. Shika waya. Ziwe nene na ikiwezekana za shaba tupu, maana waya mwembamba unapata moto na umeme unaishia njiani. Shika vibanio, vione kama vinauma kweli au vinalegea kama mdomo wa kibogoyo.

Halafu uliza kuhusu ulinzi. Vibanio vizuri vina kisanduku kidogo katikati ya waya, na ukikosea ukabana chanya kwenye hasi, vinalia au vinawasha taa nyekundu na kukataa kupitisha umeme. Kwa mtu anayefunga gizani huku roho inamdunda, huo ulinzi una thamani kuliko tochi na vikorombwezo vyote. Nyingine zina kitufe cha kulazimisha, cha betri iliyokufa kabisa. Ukikibonyeza, kwa busta nyingi ulinzi unazimika, kwa hiyo hakikisha mara mbili kabla ya kugusa.

Tazama na injini yako. Boksi la maana linaandika litakavyowasha petroli ya lita ngapi na dizeli ya lita ngapi. Dizeli inabana hewa zaidi, stata yake inataka nguvu zaidi. Mwenye Passo asinunue mzigo wa Prado, na mwenye Prado asinunue ya Passo kwa kuona bei.

La mwisho ni joto letu hili. Busta nyingi za kisasa ni za lithiamu, na lithiamu na jua la Dar hawaivi chungu kimoja. Gari lililofungwa vioo juani linaweza kupita nyuzi 60 ndani, na busta nyingi zimekatazwa kufika huko. Usiiache juu ya dashibodi. Tembea nayo kwenye begi kama unavyotembea na pawabenki. Ukiona imevimba, usiichaji tena. Ziko pia za kapasita, ambazo hazina betri ndani. Zenyewe zinanyonya umeme kidogo uliobaki kwenye betri yako ya gari, zinaukusanya dakika chache, kisha zinautoa kwa mkupuo. Zinavumilia joto na kukaa muda mrefu, ila betri ikiwa imekauka kabisa itabidi uzijaze kwa njia nyingine kwanza. Na zipo za zamani zenye betri ya risasi ndani, nzito kama ndoo ya maji. Hizo zinafaa gereji.

Iwe ipi, ya lithiamu ichaji tena kila baada ya miezi mitatu hata kama hujaitumia. Busta isiyo na chaji ni tofali.

KABLA YA KUTOA MKWANJA, PIMA

Jirani yangu alinunua ya kati, yenye waya nene na namba zote zimeandikwa. Wiki ya kwanza akaitumia Jumatatu, akaitumia Jumatano, akaitumia Ijumaa, huku anaisifia kijiweni. Mimi sifa zile zikanitia wasiwasi. Betri nzima haibustiwi mara tatu kwa wiki.

Tukampeleka kwa fundi umeme. Fundi akatoa mita, akapima betri gari likiwa limezimwa, kisha akawasha gari akapima tena. Namba zenyewe zikariri. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, imelala. Gari likiwaka, magari mengi yanatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.5, kwa sababu alteneta inachaji. La jirani yangu lilisoma 12.1 injini ikiunguruma. Alteneta ilikuwa haichaji kabisa! Angebusti mpaka Krismasi, betri ingekuwa inamalizika tu. Alteneta ikatengenezwa, na tangu hapo busta imekaa kwenye begi inapumzika.

Mita hiyo ni ya bei ndogo kuliko busta yoyote. Nunua mita kwanza. Ukikuta alteneta inachaji vizuri lakini betri inalala kila asubuhi, huenda imezeeka, au kuna kitu kinakunywa umeme usiku: alamu, redio iliyofungwa kienyeji, kifaa cha tajiri cha kufuatilia gari. Joto pia linaua betri mapema, ndiyo maana za huku pwani hazidumu kama za nchi za baridi.

KUFUNGA BILA KUUMIA

Betri hii aliibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo ndani ni risasi na asidi ileile. Ikichajiwa inaweza kutoa haidrojeni, hewa inayolipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo sigara mbali, na kichwa chako usikiinamishe juu ya betri.

Kwa busta: gari limezimwa, taa na redio vimezimwa, nyekundu kwenye alama ya kujumlisha, nyeusi kwenye alama ya kutoa au pale kijitabu chake kinaposema. Piga stata sekunde tatu mpaka tano. Ikikataa, pumzika dakika moja ndipo urudie. Ikiwaka, chomoa mara moja, usiache inaning'inia.

Kwa waya za gari na gari: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililolala, mbali na betri, ili cheche itokee huko. Kutoa ni kinyume chake. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi ya kutiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Na tafadhali, dereva wa lori mwenye roho nzuri akikupa msaada, mshukuru lakini uliza kwanza. Malori makubwa mengi ni ya volti 24. Ukiunganisha na kigari chako cha volti 12 utaunguza vifaa, na bili yake itakutoa machozi. Wenye magari ya haibridi nao wasijitolee kubusti magari ya wenzao.

Haya, nimemaliza. Kumbuka tu: busta ikitumika mara moja kwa miezi, imekuokoa. Ikitumika mara mbili katika wiki moja, inakupa taarifa, nenda kwa fundi. Tukutane wiki ijayo, na asiye na gari aendelee kutunza mabega.